Unacheza gemu, au gemu inakuchezea?

Mimi bukheri wa afya, isipokuwa vidole gumba vyangu viwili ambavyo vinalalamika kama wafanyakazi wasiolipwa mshahara. Wiki hii naomba tuweke kando mapenzi, mitindo ya nywele na habari za nani kamwacha nani. Tuzungumzie jambo ambalo vijana wa mjini wanalifanya kila siku, lakini likitajwa mbele ya wakubwa utadhani ni bangi: kucheza gemu.

Mazungumzo ya gemu huwa yana kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wazee wetu. Wao kitu chochote chenye pedi ni uhuni, basi, kesi imefungwa. Kambi ya pili ni ya washabiki. Wao kila gemu mpya ni babu kubwa, hasa kama jirani hajaipata bado! Mimi simo huku wala kule. Nimecheza tangu enzi za kaseti za kupuliza kwa mdomo ndipo zikubali kuwaka, nikaja CD zilizokwaruzwa, mpaka leo gemu zinashuka kwenye simu kama mvua. Leo nasema la moyoni, moja baada ya jingine. Atakayenuna na anune.

Kwanza nikupe kipimo changu, maana usije ukasema nahukumu kwa chuki. Mpenzi humjui siku ya harusi, bwana. Siku hiyo kila mtu ananukia. Unamjua siku mfuko umetoboka. Na gemu ni hivyo hivyo. Ukishinda, kila gemu ni tamu. Iangalie siku UNAPOFUNGWA. Je, inakuonyesha ulikosea wapi, au inafungua duka? Inayokuonyesha, wewe ndiye unayeicheza. Inayofungua duka, yenyewe ndiyo inayokuchezea wewe!

Umenipata? Haya, twende kazi.

MATOFALI YA MOSCOW

Tuanze na bibi yao, Tetris. Unavikumbuka vile vigemu vya betri vya mkononi, skrini ya kijivujivu, matofali yanadondoka yanadondoka mpaka unaota usiku? Wengi wetu tulidhani ni kitu cha Wachina kwa sababu vilikuja na wachuuzi pamoja na saa na miwani ya plastiki. Wapi! Tetris ilibuniwa Moscow mwaka 1984 na bwana mmoja aitwaye Alexey Pajitnov. Mwaka 1989 ikauzwa pamoja na kile kimashine cha Nintendo cha mkononi, Game Boy, dunia nzima ikawa kichaa. Haki zilikuwa mikononi mwa serikali ya nchi yake, kwa hiyo mwenyewe hakuanza kupata chochote mpaka mwaka 1996. Fikiria, unapika pilau la dunia nzima, halafu unaambiwa usubiri miaka kumi na ushee ndipo uonje!

Maoni yangu? Hakuna gemu yenye haki kama hii. Haina hadithi, haina adui, haina upendeleo. Tofali limekuja, umeliweka vibaya, umekwisha. Huwezi kumlaumu refa wala mchawi. Na ukianza upya unaanza ukiwa na akili zaidi kidogo, siyo na salio pungufu.

Unajua ilikuwaje Desemba 2023? Tetris ya zamani, ile ya mashine ya Nintendo ya nyumbani, ilikuwa na zaidi ya miaka 30 na hakuna binadamu aliyewahi kuifikisha mwisho wake. Kijana wa miaka 13 wa Marekani akaicheza mpaka mashine yenyewe ikaganda, imenyoosha mikono! Mtoto wa umri wa darasa la saba! Hakununua nguvu za ziada, hakutazama tangazo ili apewe nafasi nyingine. Alifungwa mara zisizohesabika, akajifunza. Hiyo ndiyo gemu, washikaji.

Kwenye kundi hilo hilo namweka yule nyoka wa Nokia. Alianza kuonekana kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, na baadaye kila mwenye 3310 akawa mfugaji wa nyoka. Nyoka yule hakuwa na sura wala jina. Akijiuma mkia, ni wewe uliyemwongoza vibaya. Hajawahi kumwomba mtu vocha.

NGUMI NA WABONYEZAJI OVYO

Sasa tuje kwenye ngumi. Street Fighter II ilitoka mwaka 1991, kampuni ya Capcom ya Japani. Hii, we acha tu. Ile tabia ya kuunganisha mapigo, moja, mbili, tatu, mpinzani hapati hata nafasi ya kupumua, haikuwa imepangwa. Watengenezaji waliigundua ndani ya kazi yao wenyewe, wakaamua kuiacha. Leo gemu zote za ngumi zinaishi kwa ajali hiyo. Kuna watu wamekula chumvi nyingi kwenye Ryu na Ken, na ukikaa nao nusu saa unatoka umefundishwa, japo mbavu zinauma.

Mortal Kombat ya mwaka 1992 nayo? Nitasema ukweli hata kama utanirushia kiatu: ilivuma kwa damu. Waliigiza kwa kupiga picha watu wa kweli, ikapendeza macho, lakini ile ya kwanza ukiondoa yale mapigo maalumu, wote wanapigana kama wamefundishwa na mwalimu mmoja. Kelele zake zilifika mpaka Seneti ya Marekani mwaka 1993, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaanzisha utaratibu wa kuandika kwenye kasha gemu hii ni ya umri gani. Kwa hiyo Mortal Kombat tuishukuru kwa jambo hilo, ingawa haikukusudia.

Halafu kuna Tekken 3, iliyoingia PlayStation mwaka 1998. Hapa ndipo banda la gemu lilipopata kabila jipya: wabonyezaji ovyo. Unamjua Eddy Gordo, yule jamaa wa Brazil anayepigana kwa capoeira? Mtu hajui hata pedi inashikwaje, anamchagua Eddy, anabonyeza vitufe vya mateke kama anafukuza nzi, anamwangusha bingwa wa mtaa! Bingwa analia machozi ya kweli. Wengi wanasema Eddy aliharibu gemu. Mimi nasema hapana. Eddy ni mlango. Anamwingiza mgeni ndani, anampa utamu wa ushindi mmoja. Lakini mchezaji mzuri akishajua kuchuchumaa na kungoja, Eddy amekwisha, na yule mgeni sasa inabidi ajifunze. Na capoeira yenyewe ina damu ya Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani, kwa hiyo usimcheke sana. Ni ndugu yako huyo, anarudi nyumbani kwa mateke.

CASTOLO, IVAROV NA MADUKA YA KADI

Haya, sasa naingia msikitini na viatu, maana nakwenda kwenye soka. Najua hapa ndipo tutakapogombana.

Kama una umri wa kutosha, nikitaja Castolo, Minanda na Ivarov, moyo utashtuka. Hao hawakuwa wachezaji wa kweli. Walikuwa wale makapi unaokabidhiwa ukianza Master League kwenye Winning Eleven, au Pro Evolution Soccer kama ilivyoitwa huko Ulaya. Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele, na mbio zao kama wanatembea kwenye mchanga wa Coco Beach! Konami hawakuwa na leseni za timu nyingi, ndiyo maana Liverpool ikaitwa Merseyside Red, na katika matoleo ya zamani Roberto Carlos akaitwa Roberto Larcos. Vichekesho vitupu. Lakini ukifungwa na timu yako ya makapi, ulikuwa unapanga upya. Unakusanya pointi kidogo kidogo, unauza mmoja, unanunua mmoja, na baada ya misimu kadhaa una timu ya kutisha. Siku unampata Adriano, yule Mbrazili ambaye kwenye toleo la sita nguvu ya shuti lake ilikuwa 99, ulihisi umeoa!

Upande wa pili kuna FIFA, ambayo toleo la mwisho kwa jina hilo lilikuwa FIFA 23, mwaka 2022. Kuanzia 2023 inaitwa EA Sports FC, baada ya kampuni na shirikisho la soka kuachana. Niwe mkweli: uwanjani ni nzuri. Majina mengi ya kweli, viwanja vya kweli, watangazaji wanaongea utadhani upo London. Na masista zangu, tangu FIFA 16 ya mwaka 2015 timu za taifa za wanawake zimo, kwa hiyo ukimsikia kaka yako anakwambia gemu ya mpira ni ya wanaume, mwambie akae, mchukulie pedi, mfunge.

Tatizo ni kile chumba cha nyuma kinachoitwa Ultimate Team, kilichoanza mwaka 2009. Huko huanzi na Castolo ukamkuza. Unafungua pakiti. Pakiti imefungwa, hujui ndani kuna nani. Pengine Mbappé, pengine beki wa daraja la pili ambaye hata mama yake hamfahamu. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, ndiyo, lakini unaweza kuzinunua kwa pesa ya kweli pia. Sasa wewe umefungwa mabao sita na mtu mwenye timu ya almasi. Gemu haikuonyeshi ulikosea wapi. Inakuonyesha duka!

Wivu wangu huu? Muulize Mbelgiji. Aprili 2018 mamlaka ya Ubelgiji inayosimamia kamari ilisema masanduku ya bahati kama hayo, yaliyomo kwenye FIFA 18 na gemu nyingine, ni kamari kwa sheria zao. Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza zile pointi za kununulia pakiti nchini humo. Siyo kila nchi imeona hivyo, na kampuni yenyewe ilikataa kuwa ni kamari. Lakini mimi na wewe tunaoziona zile mashine za kutumbukiza sarafu mitaani, na jinsi watoto wanavyozizunguka na hela ya maandazi, hatuhitaji mwanasheria wa kutueleza kinachofanana na kinachofanana.

Na usidhani Konami nao ni malaika. Mwaka 2021 Pro Evolution ikafa, ikazaliwa eFootball, ya bure. Siku inatoka, sura za wachezaji zilikuwa za kutisha, macho yametoka kama waliona bili ya umeme! Watu waliipa alama mbovu kiasi kwamba kampuni ikaomba radhi hadharani. Imerekebishwa sana tangu hapo, na leo simu nyingi za vijana wanaopanda daladala inazo. Lakini nayo imefuata njia ile ile ya kukusanya wachezaji kwa bahati nasibu. Castolo alale mahali pema.

Ushauri wangu kwa soka: cheza mtu na mtu, timu za kawaida, pedi mbili, kochi moja. Kwenye banda aliyefungwa ndiye analipa mechi, sawa, lakini analipa jero kwa mwenye banda anayemfahamu, na wenzake wanamsimanga mpaka anajua beki yake inavujia wapi. Hiyo ndiyo shule. Pakiti haijawahi kumsimanga mtu akanyooka.

CJ NA WATOTO WA DARASA LA TATU

San Andreas, mwaka 2004. CJ anarudi kwao kumzika mama yake, anakuta mtaa umeoza. Naomba nikuulize kwa upole: wewe uliyecheza miaka mitatu, uliimaliza? Usinidanganye. Wengi wetu tuliandika zile kodi za siri kwenye karatasi ya daftari, tukajipa silaha, magari na ndege, tukazunguka Los Santos kufanya fujo mpaka polisi wa nyota sita wakaja na vifaru. Hadithi hatukuigusa.

Ni hasara, maana hadithi yake ni nzuri kuliko filamu nyingi. Ni habari ya ndugu, usaliti na polisi wanaonunulika. Na gemu yenyewe ina haki: ukishindwa kazi unairudia mpaka uielewe. GTA V iliyotoka mwaka 2013 imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na haikufika huko kwa sura tu.

Ila hapa nina ugomvi, na siyo na gemu. Nina ugomvi na kaka mwenye nyumba. Gemu hii imeandikwa kwenye kasha kwamba ni ya watu wazima. Imeandikwa kwa herufi kubwa! Halafu nakuta mtoto wa darasa la tatu, meno ya mbele hayajaota, ameshika pedi anaendesha gari la wizi juu ya watembea kwa miguu, na baba yake yuko pembeni anasema, "Huyu mwanangu kichwa, huyu." Kichwa gani, mzee? Bia ni nzuri kwa mtu mzima anayeipenda, lakini humimini kwenye chupa ya mtoto ukasifu anavyokunywa.

KIJUJU IKO WAPI?

Sasa sikiliza hii, na uwe umekaa. Mwaka 2009 Capcom, wale wale wa Street Fighter, walitoa Resident Evil 5. Mzungu mwenye mikono kama magogo anatumwa Afrika, kwenye sehemu ya kubuni inaitwa Kijuju, wenyeji wameambukizwa wadudu wakawa viumbe vya kukata watu mapanga. Viumbe hao wanaitwa Majini. Na wanapokukimbiza, wanapiga kelele kwa Kiswahili!

Wengine mtaani walishangilia. "Lugha yetu imefika PlayStation!" Mimi nilisimamisha gemu nikakaa kimya. Kwanza, Kijuju wameiweka Afrika Magharibi. Kiswahili huko kimefikaje, kwa daladala? Ni sawa na mimi kutunga hadithi ya Moscow, Warusi wote wanaongea Kireno. Pili, lugha ya mama zetu imechaguliwa iwe sauti ya kitu unachotakiwa kukipiga risasi ya kichwa. Tangazo la kwanza la gemu hiyo mwaka 2007 lilileta ugomvi mkubwa wa ubaguzi, na ugomvi ule haukuwa wa watu wenye ngozi laini.

Sasa uaminifu unanilazimisha niseme na la pili: kama gemu ya watu wawili, ni tamu. Sheva, mwanamke wa Kiafrika anayeshirikiana na yule Mzungu, ni mpiganaji kweli, na wewe na rafiki yako mnalazimika kugawana risasi na dawa kama ndugu. Vidole vinafurahi, masikio yanauma. Kuna gemu zinachezea mfuko wako, na kuna zinazochezea heshima yako. Zote mbili zihesabu.

Ili usidhani Kiswahili hakina bahati, nenda kwenye Civilization IV ya mwaka 2005. Ni gemu ya kompyuta, unaongoza taifa kuanzia mwaka 4000 kabla ya Kristo mpaka watu wanarushwa angani. Unaweza hata kuwa Mansa Musa wa Mali. Ukiifungua tu, kabla hujabonyeza kitu, kwaya inakupokea kwa wimbo uitwao "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata Grammy, na ndio muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Umeona tofauti? Lugha ni ile ile. Mmoja ameivalisha matambara, mwingine ameivalisha kanzu ya Idi.

Onyo moja tu kuhusu Civilization: ina ugonjwa wa "zamu moja tu nilale". Utasema zamu moja tu, kumbe jogoo anawika. Lakini ukishaimaliza, imekwisha. Haikupigii simu.

PIPI ZA BURE

Hapa nawagusa wote, hasa masista wa maofisini mnaoficha simu chini ya meza. Candy Crush ilitoka mwaka 2012, na ni ya bure. Bure! Neno hilo lingekuwa mtu, lingeshakamatwa zamani.

Inakupa maisha matano. Ukishindwa, moja linakatika, na linarudi baada ya dakika 30. Yakiisha yote matano, na umebakiza hatua mbili tu ushinde, inakuuliza kwa sauti ya mahaba: ungoje, uwasumbue marafiki zako, au ulipie kidogo? Ni kama mtu anayekutekenya halafu anakuuzia kicheko. Wapo wanaoicheza miaka bila kutoa senti, nawavulia kofia. Lakini jua kabisa kwamba ule ukuta uliogonga hukuugonga kwa bahati mbaya. Umejengwa hapo, na mlango wake una kibanda cha muuzaji.

Na siyo pipi peke yake. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic, wenye Fortnite, imekubali kutoa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa madai kwamba vitufe vilipangwa kiasi cha watu kununua vitu wasivyokusudia, watoto wakiwemo. Fortnite yenyewe, ukiniuliza, ni gemu nzuri na ya haki. Nguo unazonunua humo hazikuongezei nguvu hata kidogo. Lakini mtoto haoni hivyo. Kwake yeye kuingia uwanjani bila nguo mpya ni kama kwenda sikukuu na yunifomu ya shule.

Nenda kijiweni ukawatazame wazee wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mzee akifungwa anatukanwa kwa mafumbo, anakunywa kahawa, anarudi. Tangu enzi za mababu hakuna aliyeambiwa alipie kete ya 65. Ndiyo maana bao halijafa!

KWA WAZEE WETU

Baba na mama mnaosoma safu hii kwa kujificha, nawajua. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake inayotumika tangu Januari 2022. Lakini someni wanachosema. Hawahesabu saa tu. Wanatazama kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kula, kulala, shule na ndugu, na anaendelea huku anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Kijana anayecheza Jumamosi mchana na rafiki zake sebuleni hana ugonjwa. Ana rafiki, na mnajua yuko wapi! Badala ya kuvunja pedi, ulizeni inachezwa gemu gani, ya umri gani. Na ile namba ya siri ya pesa kwenye simu, mama yangu, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mtoto anaujua.

Na wewe mshikaji na sista, chukua maswali yangu matatu, yakae mfukoni. Nikifungwa, najua kwa nini? Nikizima leo, kuna kitu nitanyang'anywa kwa sababu sikuingia? Na mwenye gemu hii anaponitazama, anaona mchezaji au anaona pochi inayotembea? Gemu ikijibu vizuri, icheze mpaka kidole gumba kiote sugu, usimwogope mtu. Ikijibu vibaya, ifute. Hata kama darasa zima wanayo. Kufuta gemu hakuumi kama kufuta picha za ex, na hilo nalo tumeliweza!

Kwa leo naishia hapa. Kama nimeigusa gemu yako vibaya, pole, njoo na pedi tuelewane. Ila ukimchagua Eddy Gordo, sikai. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: kwa nini kaka wa mjini anavaa miwani ya jua usiku? Panapo majaliwa.